Tripodi na Begi kwa Kamera Ndogo: Somo Kutoka Mwambao wa Mtwara



Katika somo la leo tunazungumzia vitu viwili ambavyo huenda hamkutarajia kuvikuta katika gazeti la seminari: tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu ya kusimamishia kamera, na begi la kubebea kamera ndogo. Tunawaandikia mafrateri wenzetu wanaokwenda vigangoni wakati wa likizo, makatibu wa parokia, viongozi wa VIWAWA na WAWATA, na yeyote aliyewahi kukabidhiwa kamera ya parokia akaambiwa, "Wewe ndiye mpiga picha wetu." Mara nyingi mtu huyo hupewa kamera tu, basi.

Tulianza kujifunza mambo haya kwa sababu ya kosa letu wenyewe. Wakati wa likizo tulitumwa watatu katika kigango kimoja karibu na maingilio ya mto Ruvuma. Paroko alituomba tuwapige picha wazee na kuandika kumbukumbu zao fupi. Jimbo la Mtwara lilizaliwa mwaka 1972 kutoka katika Abasia ya Ndanda, na mtu aliyekuwa na miaka 20 wakati huo leo amevuka 70. Wanaokumbuka kanisa la makuti kabla ya kanisa la matofali wanazidi kupungua kila mwaka.

Jioni moja tulifika kwa bibi mmoja ambaye katika usichana wake alibeba maji ya kufyatulia matofali ya kanisa lile. Alivaa kitenge chake cha WAWATA, akashika rozari, akaketi ndani karibu na mlango. Akatuambia, "Wanangu, pigeni vizuri. Hii ndiyo nitakayowaachia wajukuu." Tulipiga picha kumi na moja. Katika kioo kidogo cha kamera zote zilionekana njema, tukashukuru, tukala muhogo aliotuandalia, tukaaga.

Tulipozifungua kwenye kompyuta ya parokia, zote kumi na moja zilikuwa zimetikisika. Macho yake yalikuwa mistari miwili, na rozari mkononi ilikuwa kama moshi. Tukasema tutarudi. Kabla hatujarudi, katekista alituletea ujumbe kwamba bibi amefariki. Familia ikaomba picha kwa ajili ya Misa ya arobaini. Tuliwapelekea ile iliyokuwa na afadhali. Mjukuu wake aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Asanteni, mafrateri." Hakulalamika. Ingekuwa nafuu kwetu kama angelalamika.

Kamera tulikuwa nayo. Kilichokosekana ni kitu cha kuishika itulie.

1. Kwa nini picha hutikisika

Kamera hupiga picha kwa kufungua njia ya mwanga kwa kitambo kidogo, kisha kuifunga. Ufukweni Msimbati saa sita mchana mwanga ni mwingi, na kitambo hicho huweza kuwa 1/1000 ya sekunde. Kwa muda mfupi namna hiyo mkono wa binadamu hausogei kiasi cha kuonekana. Lakini ndani ya nyumba ya udongo yenye dirisha moja, saa kumi na mbili jioni, kamera ileile huweza kuhitaji 1/4 ya sekunde ili ikusanye mwanga wa kutosha. Katika robo hiyo ya sekunde tunapumua, moyo unapiga, kidole kinakandamiza kitufe, na yote hayo yanaingia katika picha.

Wapiga picha wana kanuni ya zamani: lenzi ikiwa haijavutwa, usiitegemee mikono yako chini ya 1/30 ya sekunde, ukivuta kitu cha mbali, utahitaji 1/250 au kasi zaidi. Kamera nyingi za siku hizi zina kitulizo cha mtikisiko ndani yake, nacho husaidia, ila kina mpaka wake. Bibi yetu alikuwa nje ya mpaka huo.

Njia za kutokea ni tatu. Ya kwanza ni flashi. Katika chumba kidogo flashi huufanya uso uwe bapa na mweupe, huacha kivuli cheusi ukutani, na humfanya mzee afumbe macho. Ya pili ni kuipandisha ISO, yaani kuiongezea kamera wepesi wa kuhisi mwanga. Kamera ndogo ikifanyiwa hivyo hutoa picha yenye chengachenga, kama iliyonyunyiziwa mchanga. Ya tatu ni kuituliza kamera, na hapo ndipo tripodi inapoingia.

Kwa nini miguu mitatu, na si minne? Mama zetu wanajua jibu. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Na hakuna anayehangaika kutafuta figa la nne. Katika jiometri, nukta tatu zisizo katika mstari mmoja hukaa daima katika bapa moja. Ndiyo maana chungu juu ya mafiga matatu hakiyumbi hata ardhi ikiwa na mabonde, wakati meza ya miguu minne ofisini mwa parokia inahitaji karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja.

Hata hivyo, tripodi hutuliza kamera tu. Haimtulizi mtu anayepigwa picha. Mzee akigeuza kichwa, picha itaharibika vilevile. Mwombe aegemee ukuta au kiti, apumue, na upige anapomaliza kutoa pumzi. Piga tatu au nne mfululizo. Na katika mashua inayovuka ghuba, tripodi haina kazi yoyote, kwa sababu kinachotikisika ni sakafu yenyewe. Huko ikunje, ushike kamera kwa mikono miwili, viwiko vikiwa vimebana mbavu.

2. Kipimo kinachotufaa sisi

Tulipoamua kununua, kila tuliyemuuliza alitutajia tripodi "nzuri kuliko zote". Hapo somo la falsafa lilitusaidia. Aristotle, katika Kitabu cha Pili cha Maadili ya Nikomako, anatofautisha wastani wa kitu chenyewe na wastani kwa ajili yetu. Ikiwa mina kumi za chakula ni nyingi mno na mbili ni chache mno, haifuati kwamba mkufunzi wa michezo ampe kila mtu sita. Kwa Milo, mpiga mieleka mashuhuri, sita ni chache. Kwa anayeanza mazoezi, sita ni nyingi.

Swali letu basi lilikuwa hili: ni tripodi ipi inaifaa kamera yenye uzito wa gramu 300, inayobebwa na frateri juu ya bodaboda, kwenda kumpiga picha mzee aliyeketi?

Tripodi zinaweza kugawanywa katika makundi matatu. Zipo za mezani, zenye gramu 100 hadi 300 na urefu wa shubiri moja hivi. Zipo nyepesi za safari, kati ya nusu kilo na kilo moja na nusu. Na zipo nzito za kazi za studio na harusi, kilo mbili na nusu kwenda juu. Tuliwahi kuazima hiyo ya tatu kutoka kwa mpiga picha wa harusi. Ilikuwa imara kama nguzo ya kanisa. Siku ya kwanza tuliibeba kwa furaha, siku ya pili kwa zamu, siku ya tatu ikabaki chini ya kitanda parokiani.

Kwa uwezo wa kubeba, kanuni rahisi ni kuchagua inayomudu angalau mara tatu ya uzito wa kamera yako. Kamera nyingi za mfukoni zina gramu 200 hadi 400, hivyo tripodi inayobeba kilo moja na nusu inatosha. Hakuna sababu ya kulipia uwezo wa kilo nane ambao hautautumia kamwe, hasa kama fedha ni za sadaka.

Kuhusu malighafi, utakutana na aluminiamu na kaboni. Kaboni ni nyepesi, hailiwi na chumvi, lakini bei yake ni kubwa. Aluminiamu ni nzito kidogo, na kwa tripodi ndogo tofauti ya uzito huwa ni gramu mia chache. Tulichagua aluminiamu, tukaahidi kuiosha.

3. Mambo saba ya kukagua dukani

Nenda dukani na kamera yako, na usione haya kuchukua muda. Tulizunguka maduka manne ya Mtwara mjini kabla ya kutoa fedha. Haya ndiyo tuliyojifunza kukagua.

Kwanza, skrubu. Kamera karibu zote ndogo, iwe Canon, Nikon au Sony, zina tundu chini lenye kipimo cha robo inchi. Stendi nyingi zinazouzwa mitaani ni za simu, zina kibano tu na hazina skrubu hiyo. Nyingine ni stendi za taa za duara, ambazo hazina kichwa cha kuinamisha kamera. Fungia kamera yako pale pale. Kaza kwa vidole tu, maana matundu ya baadhi ya kamera ndogo ni ya plastiki na hukatika meno.

Pili, mlango wa betri. Kamera ndogo nyingi zina tundu la skrubu kando kabisa ya mlango wa betri na memori kadi. Sahani ya tripodi ikiwa pana, itaufunika mlango huo, na kila betri inapokwisha utalazimika kufungua kila kitu. Chagua sahani ndogo.

Tatu, urefu bila nguzo ya katikati. Wauzaji hutaja urefu nguzo ikiwa imeinuliwa yote. Lakini nguzo iliyoinuliwa ni mguu mmoja juu ya mitatu, na hapo umerudi kwenye figa moja. Pima miguu peke yake. Mtu mzima aliyeketi kitini, macho yake yako kati ya sentimita 110 na 120 kutoka sakafuni. Na kwa kuwa kamera ndogo hutazamwa kwenye kioo chake cha nyuma, huna haja ya kuifikisha machoni pako. Tripodi ya sentimita 120 hadi 130 bila nguzo inatosha kwa kazi ya vigangoni, na ni nafuu na nyepesi kuliko ya sentimita 170.

Nne, sehemu za miguu. Mguu wenye sehemu tatu ni imara kuliko wenye sehemu tano, kwa sababu kila sehemu ya chini ni nyembamba kuliko ya juu. Wenye sehemu nyingi hukunjika ukawa mfupi zaidi. Tafuta inayokunjika hadi sentimita 45 hivi, iingie kwenye begi la mgongoni. Ukitumia, anza kutoa sehemu nene. Ile nyembamba ya chini iwe ya mwisho.

Tano, vifungo vya miguu. Vipo vya kuzungusha na vipo vya kufyatua kwa kidole. Kwa pwani yetu tunapendekeza vya kufyatua. Mchanga ukiingia katika kifungo cha kuzungusha unajificha ndani na kusaga. Katika cha kufyatua unauona na kuupuliza. Kifyatue mara kumi dukani. Kikilegea mara ya kumi, je, kitakuwaje baada ya mwezi?

Sita, kichwa. Kwenye tripodi za bei nafuu kichwa ndicho huharibika kwanza. Funga kamera, iinamishe mbele, kaza mpini, kisha uiachie. Kichwa kisicho imara kitashuka polepole kama mtu anayesinzia katika tafakari ya asubuhi. Hicho kiache dukani.

Saba, jaribio la mtikisiko. Toa miguu yote, vuta lenzi hadi mwisho, elekeza kwenye bango la upande wa pili wa barabara, kisha gonga mguu mmoja kwa kidole huku ukitazama kioo. Picha itacheza. Hesabu inachukua muda gani kutulia. Sekunde moja ni nzuri, mbili zinavumilika. Ikiendelea kucheza baada ya tano, mrudishie muuzaji kwa heshima.

Mfuko wetu ulikuwa shilingi 100,000 kwa tripodi na begi. Tripodi ilitugharimu 60,000. Ni ya aluminiamu, haifiki kilo moja, ina kichwa cha plastiki ngumu na mshipi wa kubebea. Mpiga picha wa harusi angeicheka. Kwa kamera ya gramu 300 imetosha.

4. Mchanga, upepo na chumvi

Eneo letu lina masharti yake. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ina kilomita za mraba zipatazo 650 za fukwe, mikoko, matumbawe na vijiji. Anayefanya utume huko hufanya kazi katika mchanga laini, tope la mikoko na hewa ya chumvi.

Katika mchanga, usiiweke tripodi juu juu. Miguu itazama polepole, mmoja kuliko mwingine, na picha itaegemea upande. Ikandamize mpaka ikatae kushuka. Kama mchanga ni laini sana, weka kifuu cha nazi kilichofunikwa chini ya kila mguu. Vifuu vitatu havina bei, navyo huzuia mguu usizame kama vile kiatu kipana kinavyosaidia kutembea.

Upepo wa kusi, hasa kati ya Mei na Septemba, huweza kuangusha tripodi nyepesi. Ishushe iwe fupi, panua miguu, elekeza mguu mmoja upande wa lenzi, na utundike mfuko wenye mchanga kidogo chini ya nguzo. Mfuko uguse ardhi kidogo, usibembee, la sivyo wenyewe utaitikisa kamera. Kitulizo cha mtikisiko kizime kamera ikiwa juu ya tripodi, kwa maana katika kamera nyingine kitulizo hicho hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuzalisha. Kisha tumia kipima muda cha sekunde mbili, ili mtikisiko wa kidole chako uwe umekwisha kabla picha haijapigwa.

Chumvi ni adui wa kimyakimya. Skrubu za chuma hupata kutu, na aluminiamu huota unga mweupe katika maungio. Kila utokapo ufukweni, toa miguu yote, ioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, ifute, iache wazi kivulini hadi ikauke. Ukiikunja ikiwa na unyevu, umeifungia chumvi ndani. Kichwa usikimwagie maji. Kifute kwa kitambaa chenye unyevu.

Kwenye kingo za mto wenyewe usisimame karibu na maji ukiwa umezama katika kutazama kioo. Ruvuma ina mamba na viboko, nao hawaogopi miguu mitatu.

Jambo moja hatukulitarajia. Mara ya kwanza tuliposimamisha tripodi kando ya njia ya kijiji, mzee mmoja alitujia akauliza, "Mmekuja kupima shamba la nani?" Kwake, miguu mitatu ilikuwa ni ya wapima ardhi. Hatukucheka. Tangu siku hiyo tunapita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa katekista, tunaeleza tulichokuja kufanya, ndipo tunaifungua. Na mbele ya bandari, kambi za ulinzi, mpakani au kwenye mitambo ya gesi hatuifungui kabisa bila ruhusa.

5. Begi

Begi lina kazi tatu: kulinda dhidi ya kugongwa, kulinda dhidi ya maji na vumbi, na kuiweka kamera karibu na mkono. Mengi ya madukani yametengenezwa kwa kamera kubwa. Kamera ndogo ikiwekwa humo hutembea huku na huku kama korosho moja ndani ya debe. Begi zuri liikumbatie kamera, na liache nafasi ya betri ya akiba, memori kadi na kitambaa cha kufutia lenzi. Likiwa na nafasi zaidi, tutaijaza na vitu visivyohitajika.

Angalia zipu. Za chuma hushikwa na kutu upesi pwani. Za plastiki nene hudumu. Ukiipata ya chuma, ipake nta ya mshumaa mara kwa mara. Mkanda uwe mrefu wa kuvaa kukatisha kifua, begi likae mbele unapopanda bodaboda, maana likining'inia nyuma linagongwa na pia linamshawishi mwizi. Kwa sababu hiyohiyo epuka begi lenye jina kubwa la kampuni ya kamera.

Baada ya kukosa begi la kipimo chetu kwa bei tuliyoweza, tulikwenda kwa fundi cherehani. Nje alitumia turubai, ndani kipande cha sponji ya godoro chenye unene wa sentimita mbili, na bitana ya kitenge cha rangi ya njano. Njano hiyo si urembo: kofia ndogo ya lenzi au memori kadi nyeusi ikianguka ndani ya begi jeusi hupotea, ndani ya njano inaonekana. Mfuniko tuliuomba uwe mrefu, ushuke chini ya zipu, ili mvua isiingie. Kwa mishipi miwili ya pembeni tripodi inafungwa chini ya begi. Vifaa na ufundi vilitugharimu 25,000, na 15,000 zilizobaki tulimrudishia Baba Mlezi. Alishangaa kidogo, kisha akaandika risiti.

Tahadhari kuhusu sponji: hunyonya maji na kuyatunza. Ikilowa, itoe, ikaushe peke yake. Katika miezi ya mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, ukungu huota ndani ya lenzi zinazofungiwa gizani kwa muda mrefu. Kusanya vile vifuko vidogo vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, weka viwili au vitatu ndani ya begi, na mara moja kwa wiki fungua begi lipate hewa kivulini. Usiliache juani ndani ya gari wala juu ya bati. Na kwa safari ya mashua, begi lote liingie ndani ya mfuko mzito wa nailoni uliofungwa vizuri.

6. Kanisani na ofisini mwa parokia

Tripodi kanisani yaweza kuwa msaada au kero. Hati Eucharisticum Mysterium ya tarehe 25 Mei 1967, katika namba 23, inaagiza kwamba upigaji picha usivuruge maadhimisho, na kwamba pakiwa na sababu ya kupiga, ifanyike kwa kiasi kikubwa cha staha na kwa kufuata taratibu za Askofu wa mahali. Kwa hiyo muulize paroko kwanza. Chagua sehemu moja kabla ya Misa, pembeni, mbali na njia ya maandamano na mbali na watoto wa Utoto Mtakatifu ambao wataishika. Zima flashi na mlio wa kitufe. Kisha baki hapo.

Tumegundua kwamba tripodi humtuliza hata mpiga picha. Aliyeshika kamera mkononi huzunguka: mara altareni, mara kwaya, mara mbele ya maharusi. Aliyeisimamisha kamera yake hupiga picha kumi nzuri, na kati ya picha na picha anasali pamoja na wenzake.

Matumizi mengine ni kunakili picha na hati za zamani. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inadai kila parokia iwe na vitabu vyake vya ubatizo, ndoa na marehemu, na vile vya zamani vitunzwe kwa uangalifu. Mchwa na unyevu wa pwani havisomi sheria. Paroko akiagiza ukurasa unaochakaa upigwe picha, weka kitabu mezani karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, inamisha kamera ilingane sawa na ukurasa, usitumie flashi. Picha hizo akabidhiwe paroko zote. Zisibaki kwenye simu yako, na kamwe zisiende kwenye kundi la WhatsApp. Mna siri za familia za watu ndani yake.

Njia hii ndiyo ilitusaidia kulipa sehemu ya deni letu. Tulirudi kwa familia ya bibi tukiwa na tripodi. Tuliwauliza kama ipo picha yake yoyote ya zamani. Binti yake akatoa sandukuni picha ndogo ya studio, imekunjika pembeni, ya msichana mwenye gauni la komunyo aliyesimama wima kama askari. Tuliiweka juu ya kiti karibu na mlango, palepale alipokaa siku ile, mwanga ukiwa uleule hafifu. Kamera ilitulia sekunde nzima. Ilipochapishwa kwa ukubwa wa karatasi ya daftari, hata shanga za rozari zilihesabika. Wajukuu walibishana ni nani anafanana naye.

Ile si picha aliyotuomba. Hiyo hatutaipiga tena, na ndiyo sababu tumeandika somo hili. Katika kigango chako yupo mzee anayengoja.

Zoezi na maswali ya kujadiliana

a) Pima uzito wa kamera ya parokia yenu kwa mizani ya dukani, uzidishe kwa tatu. Hicho ndicho kipimo cha tripodi mnayohitaji.

b) Piga picha ya kiti ndani ya chumba chenye mwanga hafifu, mara tano kwa mkono na mara tano kamera ikiwa juu ya meza kwa kipima muda cha sekunde mbili. Zitazame kwenye kompyuta, zikiwa zimekuzwa. Mmeona nini?

c) Orodhesheni wazee watano wa kigango chenu ambao hawana picha nzuri. Nani atakwenda kwao, na lini?

d) Mfano wa Milo unatufundisha nini kuhusu matumizi ya fedha za jumuiya, mbali na kamera?

Tumsifu Yesu Kristu. Milele, Amina.